Kwa Nini Daktari Amwambie Mzee Achore Saa?

Mtu mzima akifikishwa hospitali hapa Mombasa baada ya kiharusi, au akiletwa na wanawe kwa kuwa siku hizi hupotea njia kutoka Kibokoni hadi kwenye msikiti aliouzoea tangu utotoni, atapimwa presha na sukari, atatolewa damu, na hakuna atakayeshangaa. Kinachowaudhi jamaa ni kile kinachofuata. Daktari huvuta karatasi na kalamu, akamwambia mzee achore uso wa saa. Kisha amtajie wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Kisha ahesabu kutoka 100 akitoa saba saba. "Mbona wamfanyia babangu kama mtoto wa chekechea?" Swali hili huulizwa kwa uchungu, na linastahili jibu la kutosha. Asiyelielewa zoezi lile ama huona mzee wake amedhalilishwa, ama, akisikia amepata alama 19 kati ya 30, hurudi nyumbani akawaambia watu kwamba babake hana akili tena.

Vipimo hivi havipimi akili kwa maana hiyo. Kukumbuka jambo la jana, kushika nambari ya simu mpaka uipige, kulipata neno unalolitafuta, kujua kitu kiko mkono gani, kujizuia usijibu haraka: hizo ni kazi mbalimbali, zinazotegemea sehemu mbalimbali za ubongo, na maradhi yakiishika sehemu moja huweza kuiacha nyingine salama kabisa. Kila zoezi limebuniwa ligonge mlango wa kazi fulani. Ndiyo maana mpimaji mwenye ujuzi haishii kuhesabu mgonjwa amekosa mangapi. Huangalia amekosaje.

Chukua hiyo saa. Mgonjwa huombwa achore duara, apange nambari zote, kisha aweke mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Tuseme wagonjwa wawili wote wameshindwa. Wa kwanza ameziandika nambari zake, lakini zimesongamana upande wa kulia wa duara, na nusu ya kushoto iko tupu. Macho yake hayana kasoro. Mara nyingi mtu huyu amepata kiharusi katika ubongo wa kulia, sehemu ya juu kuelekea nyuma, inayotusaidia kuelekeza umakini mahali, na upande wa kushoto wa dunia umemtoka. Nyumbani atakula wali wa upande mmoja wa sahani, kisha alalamike kwamba hakushiba.

Mwaka 1978 watafiti wawili wa Italia, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti, waliwaomba wagonjwa wa aina hii wauwaze uwanja mkuu wa mji wao wa Milan, kana kwamba wamesimama wakilielekea kanisa kuu. Walitaja majengo ya mkono wa kulia, ya kushoto wakayaacha. Wakaombwa wajione wamesimama mlangoni pa kanisa, sasa wamelipa mgongo. Majengo waliyoyasahau yakawa upande wa kulia, wakayataja. Na yale waliyoyataja dakika chache kabla wakayaacha. Mtu wa Mombasa angeweza kuulizwa vivyo hivyo, asimame mawazoni chini ya mapembe ya Moi Avenue akitazama upande mmoja wa barabara, kisha ageuke. Kumbukumbu ya mji ilikuwamo yote. Kilichokuwa kimepotea ni uwezo wa kuufikia upande wa kushoto, hata ndani ya picha iliyo kichwani.

Mgonjwa wa pili amechora duara zuri na kila nambari iko mahali pake, lakini mshale mmoja ameuelekeza kwenye 10, kwa kuwa amesikia "dakika kumi". Anajua saa inavyosomwa. Alichoshindwa ni kulizuia jibu la kwanza lililomjia, na kazi hiyo ya kuzuia na kupanga hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Kwenye hesabu wagonjwa hawa wawili wanaweza kupoteza alama zinazolingana. Kwenye ubongo wako mbali sana.

Hapo Mswahili ana jambo lake la kuongeza. Waliotunga kipimo hiki kwa Kiingereza waliichagua saa tano na dakika kumi hasa kwa sababu ya mtego wa ile kumi. Lakini kwa Kiingereza nambari ya saa inayotamkwa ndiyo ambayo mshale mfupi huiendea. Kwetu sisi mtu husikia "saa tano" na mshale akauweka kwenye 11. Tumezoea, hatuoni kazi yoyote, lakini kazi ipo: kila mara tunageuza. Mgonjwa wa Mombasa akiupeleka mshale kwenye 5, je, sehemu ya mbele ya ubongo imelegea, au ni mzee aliyechora alichokisikia na hakuwahi kuvaa saa ya mishale maishani, akiutegemea mwito wa adhana? Mtego huo wa pili haumo katika kipimo cha asili, wala mizani ya alama zake haiujui. Binafsi naona kila anayepima kwa Kiswahili angepaswa kuwa na jibu la swali hili kabla hajaandika sifuri.

Mantiki ya kuusoma ubongo kupitia makosa ina umri wa zaidi ya miaka 160. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre mjini Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja, "tan". Aliyoambiwa aliyaelewa, akajibu kwa ishara. Alifariki siku chache baadaye, na Broca alipoukagua ubongo wake alikuta jeraha upande wa kushoto, mbele. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza hali iliyo kinyume: watu wanaosema kwa mtiririko, maneno tele, ila maneno yasiyoshikana na maana, na wasioelewa wanachoambiwa. Jeraha lao lilikuwa upande uleule wa kushoto, lakini nyuma zaidi.

Ukinyume huo ndio unaotafutwa. Fundi wa umeme akiingia nyumba ambayo taa imezimika na feni inazunguka, hawezi kuapa kwamba vinatumia nyaya mbili tofauti; pengine umeme umepungua, na feni imeridhika na uliobaki. Akiingia nyumba ya pili akakuta feni imesimama na taa inawaka, shaka inamwondoka. Vivyo hivyo, mgonjwa mmoja aliyepoteza usemi na kubaki na uelewa hatoshi kuthibitisha kwamba hizo ni kazi mbili. Anahitajika na wa pili, aliyepoteza kile ambacho wa kwanza amebaki nacho.

Kumbukumbu ndiyo iliyofunuliwa kwa njia hii kuliko kazi nyingine yoyote. Mwaka 1953 Henry Molaison, Mmarekani wa miaka 27 aliyesumbuliwa na kifafa kikali, alipasuliwa na daktari William Scoville, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Hipokampasi ni kiungo kidogo kilichojificha ndani ya ubongo, usawa wa masikio. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo mambo mapya hayakukaa tena kichwani mwake. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpima kwa miaka mingi, na kila walipokutana alikuwa mgeni kwake. Hata hivyo, akitajiwa tarakimu kadhaa, Molaison alizirudia papo hapo kama mtu yeyote. Mazungumzo yake yalikuwa ya busara. Milner alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo tu, jambo gumu kwa kila anayelijaribu. Siku baada ya siku mkono wake ulizidi kuwa hodari, ilhali mwenyewe kila siku aliamini hajawahi kuliona zoezi lile.

Kisha mwaka 1970, Uingereza, Tim Shallice na Elizabeth Warrington wakamweleza mgonjwa waliyemwita K.F., aliyeumia ubongo wa kushoto katika ajali ya pikipiki. Hata tarakimu tatu zilimshinda kuzirudia papo hapo. Lakini akisomewa orodha ya maneno mara kadhaa aliijifunza na baadaye akaikumbuka. Taa na feni, katika nyumba mbili. Kushika jambo kwa sekunde chache na kulihifadhi kwa siku nyingi ni kazi mbili, zenye njia mbili.

Nalitaja hili kwa kirefu kwa sababu ya malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara mitaani kwetu. "Mamangu hana tatizo la kukumbuka. Yasini aisoma yote bila kukosea, na harusi ya mwaka 1968 akueleza mpaka nguo walizovaa." Yote mawili ni kweli, na hayapingani na ugonjwa. Sura iliyosomwa chuo cha Kurani utotoni na kurudiwa maelfu ya mara imeenea katika ubongo kwa namna isiyotegemea sana hipokampasi. Harusi ya zamani nayo ilikwisha kujikita. Ugonjwa wa Alzheimer, ule usahaulifu wa uzeeni unaozidi pole pole, kwa kawaida huanza karibu na hipokampasi, na ndiyo maana huanza kwa kufuta mambo ya juzi. Anayetaka kujua kama kuna hitilafu asimwombe mama asome Yasini. Amuulize asubuhi walikula nini, na nani alikuja jana.

Daktari hufanya jambo hilohilo kwa utaratibu. Hutaja maneno matano, humfanya mgonjwa ayarudie, humpitisha kwenye mazoezi mengine kwa dakika kama tano, kisha humuuliza tena yale maneno. Hapa kukosea kuna habari nyingi kupita popote pengine. Mgonjwa akinyamaza, husaidiwa kidogo: "moja lilikuwa rangi", au hupewa achague, "lilikuwa kijani, nyeusi au buluu?" Akilipata kwa msaada huo, basi neno lilihifadhiwa ila kulichomoa ndiko kugumu, hali inayoonekana zaidi kwa wenye hitilafu ya sehemu ya mbele au ya njia zinazoiunganisha na sehemu za ndani, na pia kwa watu waliolemewa na huzuni. Asipolipata hata kwa msaada, au akataja kwa uhakika neno ambalo halikuwamo, shaka inaelekea kwenye hipokampasi. Wawili hao wote wanaweza kuwa wamepata sifuri kati ya tano, na matarajio yao yasifanane hata kidogo.

Kuna vipimo vingine vya sehemu ya mbele ambavyo nitavipitia haraka. Kimoja, kilichotokana na kazi ya Mmarekani John Ridley Stroop mwaka 1935, humtaka mtu ataje rangi ya wino na si neno lililoandikwa: "nyekundu" iliyoandikwa kwa wino wa kijani. Kusoma hutangulia, na ubongo lazima ukuzuie. Kwa asiyejua kusoma, bila shaka, hakuna cha kuzuia. Kingine ni kupanga kadi kwa rangi, umbo au idadi, huku kanuni ikibadilishwa kimyakimya katikati. Milner alionyesha mwaka 1963 kwamba waliojeruhiwa mbele hung'ang'ania kanuni ya zamani ingawa kila mara wanaambiwa wamekosea.

Turudi kwenye tarakimu, maana zina siri inayotuhusu. Mwaka 1956 George Miller aliandika kwamba mtu hushika papo hapo vitu kama saba, vikizidi au vikipungua kidogo. Baadaye ikaonekana kwamba urefu wa maneno yenyewe una uzito: hushikwa yale yanayoweza kutamkwa ndani ya sekunde mbili hivi. Mwaka 1980 watafiti wa Wales walionyesha kwamba watu wanaozijua lugha zote mbili walishika tarakimu nyingi zaidi kwa Kiingereza kuliko kwa Kiwelsh, kwa kuwa tarakimu za Kiwelsh huchukua muda zaidi kuzitamka. Sasa zitamke zetu: moja, mbili, tatu, tano, sita, saba, nane, tisa. Karibu zote zina silabi mbili, ambapo za Kiingereza karibu zote zina moja. Na sikiliza vijana wa Mombasa wakipeana nambari za simu: wengi hubadili lugha hapohapo, wakazitaja kwa Kiingereza. Mpimaji akizitaja kwa Kiswahili na kutoa alama kwa kutumia jedwali lililotengenezwa Marekani, amempunja mtu kabla hajafungua mdomo.

Zoezi la wanyama nalo hivyohivyo. Kutaja vitu vya jamii moja hutegemea sana hazina ya maana iliyo pembezoni mwa ubongo, usawa wa sikio la kushoto, pamoja na mpangilio wa mbele. Ubongo wenye afya hutembea kwa makundi: wa nyumbani, kisha wa porini, kisha ndege. Lakini mvuvi wa Mji wa Kale ataje wanyama? Atasema ng'ombe, mbuzi, punda, paka, kisha atatulia, kwa kuwa samaki kwake si wanyama. Mwambie ataje samaki, uone atakavyokwenda: changu, tafi, kolekole, nguru, pono, chewa, mkizi, huku akikwambia yupi wa msimu gani. Kama baada ya kuulizwa samaki anakwama kwenye wa nne na kurudia "changu" mara tatu, hapo ndipo pa kushughulika.

Wanasayansi walichelewa kulikubali jambo hili. Huko Liberia, katika tafiti za miaka ya 1960 na 1970 miongoni mwa Wakpelle, watu walipewa vitu vya nyumbani na shambani wavipange. Walivipanga kwa matumizi, kisu pamoja na kile kinachokatwa kwa kisu, wakisema mwenye busara hufanya hivyo. Joseph Glick amesimulia kwamba mtafiti alipochoka akauliza, "Na mjinga angepangaje?", mara vyakula vikawekwa na vyakula na vifaa na vifaa, sawasawa na jibu ambalo kipimo kiliita la akili. Uwezo ulikuwepo wakati wote. Nchini Zambia, Robert Serpell aliwalinganisha watoto wa huko na wa Uingereza, akachapisha matokeo mwaka 1979. Katika kuiga maumbo kwa karatasi na kalamu, wa Uingereza walishinda. Kwa nyaya, wa Zambia walishinda, kwani ndio waliozoea kutengeneza magari ya waya. Kwa udongo walikaribiana. Aliyepima kwa kalamu peke yake angesema ubongo wa mtoto wa Zambia hauoni maumbo vizuri.

Kazi nzuri ya kurekebisha hayo imefanyika karibu nasi. Kilifi, kilomita 60 hivi kutoka Mombasa, upo mpango wa utafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti, ulioanzishwa mwaka 1989. Malaria kali iliyopanda kichwani ilikuwa ikiwaacha hai watoto wengi, lakini hakuna aliyejua imewaachia nini, maana mtoto anayetembea na kucheza huonekana amepona. Penny Holding, Charles Newton, Amina Abubakar na wenzao wakatengeneza vipimo vinavyowafaa watoto wa pale, kwa lugha zao na kwa vitu wanavyovijua. Ikaonekana kwamba baadhi ya waliopona walibaki na matatizo ya lugha, kumbukumbu, umakini, na wengine kifafa. Bila vipimo vile, mtoto wa aina hiyo angeitwa mvivu darasani na kupigwa.

Wengine husema, basi mzee apigwe picha ya ubongo, yaishe. Skani ina kazi yake: huonyesha damu iliyovuja, uvimbe, mahali paliposinyaa. Lakini watu wawili wenye ubongo uliosinyaa sawasawa wanaweza kuwa mmoja anaendesha duka lake Marikiti na mwingine hajui mlango wa choo uko wapi. Hata ile skani ya kisasa inayoonyesha sehemu inayofanya kazi humtaka mtu afanye zoezi akiwa ndani ya mashine, na zoezi likiwa halimfai, picha nayo haitakuwa na maana.

Kwa hiyo anayempeleka mzazi wake apimwe ana mengi ya kumweleza daktari kabla ya karatasi kutolewa. Amesoma shule miaka mingapi, au alisoma chuo tu na anaandika herufi za Kiarabu? Nyumbani anasema Kimvita, Kidigo, Kibajuni, Kisomali? Anasikia sawasawa? Miwani yake iko wapi? Kipimo kimoja mashuhuri, kilichotolewa mwaka 2005, huongeza alama moja kwa aliyesoma miaka 12 au chini ya hapo. Kwa bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu, alama moja ni kidogo mno, na nadhani haki yake ni kupimwa kwa njia nyingine, ikiwemo kuwahoji kwa kina wanaoishi naye: bado anajua kupika pilau kwa mpangilio? Anarudisha chenji sawasawa? Anatumia dawa zake mwenyewe?

Msimpeleke Ramadhani alasiri akiwa na saumu, wala wiki aliyofiwa. Alama za chini zinaweza pia kuletwa na dawa za usingizi, tezi ya shingo isiyofanya kazi, upungufu wa vitamini B12, maambukizi ya mkojo, sonona, na hayo yote yana tiba. Ndiyo maana daktari huitaka damu pamoja na mchoro wa saa. Msimfundishe majibu nyumbani, kwani mtakuwa mmeificha ile hitilafu iliyowatoa nyumbani. Chumbani keti nyuma yake, na akikugeukia umsaidie kujibu, kama wagonjwa wengi wafanyavyo, mwache daktari akione kile kichwa kinavyogeuka, kwa sababu nacho ni sehemu ya matokeo.

Na ombeni nakala ya karatasi yenyewe, pamoja na mchoro, si jumla ya alama tu. Kipimo chenye nguvu kuliko vyote ni cha pili, baada ya miezi sita au mwaka, kikiwa na maneno mengine ili asiwe amekariri, kwa lugha ileile na ikiwezekana saa ileile ya asubuhi. Hapo mzee halinganishwi tena na Mmarekani aliyesoma chuo kikuu. Analinganishwa na yeye mwenyewe, na daktari anaweza kuona kama nambari za saa zimezidi kusogea upande mmoja au zimerudi mahali pake.